Tengeneza paneli ya faiba ya gari, halafu ipime kabla hujaifunga

Watu wengi wakisikia faiba kwenye gari wanawaza kitu kimoja tu, wepesi, na wakisikia kaboni, yaani faiba yenye nyuzi za kaboni, ndo kabisa wanaona tayari gari limekuwa la mashindano. Wepesi upo kweli ila siyo pa kuanzia. Pa kuanzia ni hapa: ukinunua bati la chuma, kiwandani walishamaliza kazi, nguvu yake inajulikana na wewe unakata na kukunja tu. Kwenye faiba hamna kitu kama hicho, yaani ile plastiki yenye nyuzi inazaliwa mikononi mwako saa ileile unayotengeneza kipande. Resini (ile plastiki ya majimaji inayoganda) ikizidi, hewa ikibaki ndani, hadena (dawa ya kuigandisha) ikiwa kidogo, basi umepata kitu tofauti kabisa na kile ulichosoma kwenye jedwali la vitabu. Ndo maana nasisitiza sana kupima, na habari njema ni kwamba vipimo vingi unaweza kuvifanya kwa mizani ya jikoni, venia (kipimo cha mkono cha kupima unene) na ndoo ya maji.

Mwongozo huu ni wa paneli ya kawaida ya nyuzi za glasi na resini ya poliesta, kwa mkono, bila mashine ya vakyumu (ya kunyonya hewa). Ukishaielewa hii, epoksi (aina nyingine ya resini) na kaboni utazifuata bila shida.

Kwanza chagua kipande ambacho kikivunjika hakiui mtu. Kava la chini ya injini, kifuniko cha betri ndogo, madigadi, paneli ya ndani ya mlango, hizo ni sawa. Mhimili wa chuma ulio nyuma ya bampa, siti, mkono wa saspensheni, sehemu za usukani, hizo usiguse. Siyo kwamba faiba haiwezi, inaweza sana, McLaren walianza kukimbiza gari la Formula 1 lenye chasisi ya kaboni mwaka 1981, na BMW i3 iliyotoka 2013 ilikuwa na kibanda chote cha abiria cha kaboni. Tatizo ni namna inavyovunjika. Chuma kinajikunja, kinameza nguvu ya ajali huku kinajikunja na bado kinabaki kipande kimoja. Faiba haijikunji, inasagika, na ikipangwa vizuri kule kusagika kunameza nguvu nyingi hata kuliko chuma kwa uzito uleule, ila ikipangwa vibaya inakatika mara moja na hapo haijameza kitu. Kujua itafanya lipi kati ya hayo mawili kunahitaji vipande vingi vya kugongesha maabara, siyo makadirio ya machoni.

Halafu kuna suala la rada, na hili naona linasahaulika sana kwenye magari ya siku hizi. Gari likiwa na breki ya kujishika lenyewe au krusi ya kufuata gari la mbele, mara nyingi kuna rada nyuma ya bampa au nembo ya mbele, inafanya kazi kwenye 76 hadi 77 GHz, na zile za pembeni zinafika mpaka 81. Kaboni inapitisha umeme kwahiyo mbele ya rada inakuwa kama ukuta wa chuma, rada haioni kitu. Hivyo hivyo paa la kaboni juu ya antena ya GPS. Glasi inapitisha mawimbi, lakini hata yenyewe usiifunge tu ukaridhika, kwasababu kwenye 77 GHz urefu wa wimbi hewani haufiki hata 4 mm, na ndani ya faiba ya glasi unapungua mpaka karibu nusu yake. Maana yake unene ukibadilika hata nusu milimita, ile sehemu ya mawimbi inayorudishwa nyuma badala ya kupita inabadilika sana. Puti nene juu ya bampa mbele ya rada, rangi yenye chembe za chuma, kiraka cha faiba kwa ndani, vyote hivyo vinaweza kuipofusha rada nusunusu, na hapo inaweza hata isiwashe taa ya onyo. Ushauri wangu, sehemu iliyo mbele ya rada iache kama ilivyotoka kiwandani, ikipasuka badilisha.

Haya tuje kwenye unene, maana hapa ndo hesabu inapolipa. Mati ya glasi ya gramu 450 kwa mita mraba, ile ya nyuzi fupi zilizotawanywa ovyo, ikilowa vizuri kwa mkono inakuwa na glasi kama asilimia 30 ya uzito na unene wa karibu milimita moja kwa kila leya. Asilimia 30 ya uzito inasikika nyingi lakini glasi ni nzito kuliko resini mara mbili na zaidi, kwahiyo kwa ujazo ni asilimia 17 hivi tu. Sasa uzi wa glasi wenyewe una ukakamavu, yaani ugumu wa kupindika au kuvutika, wa GPa 72 hivi (GPa ndo kipimo chake, namba ikiwa kubwa kitu ni kigumu zaidi), resini iliyoganda ni 3 hadi 4, na kwasababu nyuzi za mati zimeelekea kila upande, unahesabu kama tatu ya nane tu ya glasi ndo inafanya kazi kwenye mwelekeo unaoutaka. Ukipiga hiyo hesabu, 72 mara 0.17 mara tatu ya nane, ukaongeza mchango wa resini, unapata GPa 7.5 hivi. Chuma ni 205. Mtu akiziona namba hizo mbili anakata tamaa, ila asikate, kwasababu paneli ya gari inapinda, haivutwi, na kwenye kupinda unene unahesabika kwa mchemraba, yaani unene mara unene mara unene. Bati la chuma la 0.8 mm linalingana kwa ukakamavu wa kupinda na faiba ya mati ya 2.4 mm tu. Uzito sasa: lile bati ni kilo 6.3 kwa mita mraba, faiba ni kilo 3.5. Ukiweka leya tatu kamili, karibu 3 mm, unapata ukakamavu mara mbili wa lile bati kwa kilo 4.5. Kwa hiyo leya tatu za 450 ndo mahali pazuri pa kuanzia kwa paneli nyingi, na pembeni kwenye kona na matundu ya bolti unaongeza ya nne.

Nyuzi zikielekea upande mmoja mambo yanakuwa mengine kabisa. Corvette ya 1981 ilitoa springi ya majani ya chuma nyuma, ikaweka jani moja la faiba ya glasi, uzito ukashuka kutoka zaidi ya kilo 18 mpaka chini ya kilo 4. Ni glasi ileile unayoijua, ila imepangwa kufuata mzigo unapopita. Kwahiyo ukijua paneli yako inapinda upande mmoja zaidi, kitambaa cha kufumwa katikati ya mati mbili, nyuzi zikifuata ule upande, kitakupa faida kuliko kuongeza mati ya nne.

Kabla ya kipande chenyewe tengeneza bamba la majaribio, bapa, 400 kwa 400 mm, siku ileile, kwa resini ileile na mkono uleule. Watu wanaona ni kupoteza muda. Mimi naona bila hilo bamba hujui umetengeneza nini.

Moldi ya bamba inaweza kuwa kioo kinene au fomaika. Paka nta, ing'arishe, subiri, rudia mara kadhaa, moldi mpya hasa isionewe huruma kwenye nta. Kata mati tatu na uzipime zikiwa kavu, kwa bamba la ukubwa huo zitakuwa karibu gramu 216. Andika. Resini inayotakiwa ni kama mara 2.3 ya uzito wa glasi, yaani gramu 500. Hadena ya poliesta, inayoitwa MEKP, asilimia 1.5, hiyo ni gramu 7.5, ipime, usikadirie kwa kifuniko cha chupa. Ikiwa chini ya asilimia moja resini inaweza isigande mpaka mwisho hata ukisubiri mwezi, ikizidi mbili unapata joto kali na kipande kinachopasukapasuka.

Hapa sina mzaha: nunua resini ambayo imeshatiwa kobalti (kichapuzi cha kuganda) kiwandani. Kobalti na MEKP zikikutana moja kwa moja, bila resini katikati, zinaweza kulipuka. Na MEKP ikikuingia machoni inaweza kukupofusha, kwahiyo miwani, siyo tu glavu. Harufu ya stairini, kimiminika kilichomo kwenye resini ya poliesta, inataka barakoa yenye kichujio cha mvuke, ile ya kitambaa haisaidii chochote, na milango iwe wazi. Ukija kukata na kupiga msasa, vumbi la glasi nalo linataka barakoa ya vumbi na mikono mirefu.

Joto la chumba liwe kama nyuzi joto 18 hadi 25 za Selsiasi. Changanya nusu tu kwanza, maana resini ikikaa nyingi kwenye kopo inajipasha yenyewe na kuganda mbio kuliko ikishatandazwa, hata dakika kumi haikupi. Koroga taratibu ila kikamilifu, kwaruza pembeni na chini ya kopo.

Paka resini kwenye moldi KWANZA, halafu ndo ulaze mati juu yake. Hii ni muhimu kuliko inavyoonekana, resini ikitoka chini kuja juu inasukuma hewa nje, ukimwaga juu ya mati kavu umeifungia hewa chini. Iangalie mati inavyobadilika: mwanzo ni nyeupe, baada ya dakika moja mbili gundi inayoshikilia nyuzi inayeyushwa na stairini, mati inalegea, inalala, na ule weupe unapotea mpaka unaona moldi kupitia kwake. Pakibaki doa jeupe hapo pana hewa au pakavu. Brashi usiiburute, gonga kwa ncha, ukiburuta nyuzi zinahama na kuacha sehemu nyembamba. Halafu rola ya chuma yenye mifereji, kutoka katikati kwenda pembeni, polepole, utasikia viputo vinapasuka kabisa, na endelea mpaka ule mlio uishe. Usiongeze resini ili kuondoa weupe kama bado hujapitisha rola, mara nyingi resini ipo ya kutosha ila haijafika.

Na hapohapo nikwambie, mati hii ya kawaida usiitumie na epoksi. Epoksi haina stairini ya kuyeyusha ile gundi, mati inabaki ngumu, haikai kwenye kona na haipati kulowa sawasawa. Ukitaka epoksi tumia kitambaa cha kufumwa.

Leya tatu zinaweza kwenda kwa mkupuo mmoja. Zikizidi nne, simama ipoe kwanza.

Iache usiku kucha. Kesho yake itoe, kata kingo za resini tupu, na kazi ya kupima ianze. Kipimo cha kwanza hakihitaji chochote zaidi ya mizani. Kama hukukata mati pembeni, uzito wa bamba uwe karibu gramu 720. 216 gawanya kwa 720 ni asilimia 30, safi. Bamba likija na gramu 950, glasi ni asilimia 23 tu, umebeba resini ya bure, ni zito na dhaifu kwa uzito wake. Likija gramu 600, glasi ni asilimia 36, na kwa mati ya mkono hapo nashuku ukavu kuliko nasherehekea, litazame kwenye mwanga utafute madoa meupe. Maabara wana njia ya uhakika zaidi, wanachoma kipande kidogo kwenye tanuru la nyuzi joto 565, resini inaungua yote, glasi inabaki, unapima kabla na baada. Njia hiyo ni ya glasi tu, kaboni ukiichoma hivyo na yenyewe inaungua na namba zako zinakuwa uongo. Na isifanyike nyumbani, moshi wake ni sumu.

Kipimo cha pili ni kupinda, na hiki ndo nakipenda kuliko vyote. Kata vipande vitano vya upana wa 25 mm na urefu wa 260 mm, kingo zilainishwe kwa msasa, maana mkwaruzo wa msumeno ndo ufa unapoanzia. Pima unene wa kila kimoja kwa venia sehemu tatu, chukua wastani. Usifanye haraka hapa: unene ukikosea kwa asilimia 10, jibu la ukakamavu linakosea kwa theluthi nzima, ni ule mchemraba tena. Kilaze kipande juu ya vyuma viwili vya mviringo vilivyoachana 200 mm, ning'iniza kilo moja katikati, pima kimebonyea milimita ngapi. Kwa kipande cha 3 mm chenye GPa 7.5 unatarajia karibu 4 mm. Ukakamavu ni nguvu kwa Newton (kilo moja ni 9.81) mara mchemraba wa ule umbali wa 200, gawanya kwa: nne mara upana mara mchemraba wa unene mara ulivyobonyea. Ukitumia milimita kote jibu linatoka kwa MPa, gawanya 1000 upate GPa.

Ukipata 7 hadi 8 umefanya kazi nzuri. Ukipata 5 kuna kitu, na kile kipimo cha uzito kitakuambia kama ni resini nyingi. Kama uzito uko sawa na ukakamavu uko chini, basi ni hewa, au resini haijaganda. Vipande vitano vikitofautiana sana vyenyewe kwa vyenyewe, mkono wako haukuwa sawa bamba zima, na kwenye paneli ya gari hiyo inakuwa mbaya zaidi kwasababu kuna kona.

Sasa vunja. Ning'iniza ndoo tupu katikati ya kipande na umimine maji taratibu. Kaa karibu usikilize. Utasikia tik moja, kimya, tik nyingine, hiyo ni resini inapasuka kati ya nyuzi na bado kipande kinabeba. Baadaye milio inakuja kwa kufuatana, upande wa chini unaanza kuwa mweupe katikati, ndo hapo nyuzi zenyewe zinakatika. Uzito wa ndoo pale milio ilipoanza uandike, na uzito wa kuvunjika uandike pia. Kwa kipande cha vipimo hivi kuvunjika kunakuja mahali fulani karibu na kilo 10 hadi 12. Kipande kinakuwa kimepinda sana saa hiyo kwahiyo usiichukue kama namba ya kitaalamu, itumie kulinganisha bamba na bamba. Ila ile ya milio ya kwanza ni ya thamani, huo ndo mpaka ambao paneli ikiwa barabarani usitake ifike, kwasababu maji yanaingia kwenye nyufa ambazo wewe huzioni na kuanza kula ule muungano wa glasi na resini. Anayetaka namba za kupeleka kwenye ripoti ya chuo, basi kiwango cha kimataifa cha ISO 14125 ndo kinaeleza kipimo hiki cha kupinda kwa faiba na ISO 527-4 ile ya kuvuta, fuata vipimo vya hapo.

Joto nalo. Resini iliyogandia kwenye joto la chumba inaanza kulegea kwenye nyuzi joto 50, 60 hivi, na boneti nyeusi juani au kava karibu na injini linapita hapo bila taabu. Dawa ni kuipasha baada ya kuganda, masaa 3 kwenye nyuzi 80 au masaa 16 kwenye nyuzi 40, ikiwa imeegemea moldi yake ili isipinde. Jaribu vipande viwili, kimoja kilichopashwa na kingine hakijapashwa, viweke kwenye oveni isiyotumika kwa chakula kwa nyuzi 70 na ule mzigo wa kilo moja, saa moja tu. Tofauti utaiona kwa macho. Kwenye kava la injini mimi sifungi kitu ambacho hakijapashwa.

Bamba likikubali ndo unatengeneza paneli yenyewe, kwa vipimo vilevile ulivyoandika, ukitanguliza jelkoti (leya ya juu ya resini nzito isiyo na nyuzi) ya nusu milimita kama itaonekana nje. Ikishatoka, igonge kwa sarafu sehemu zote, sentimita mbilimbili. Mahali palipo imara panalia kwa mlio mkali mfupi, mahali leya zimeachana panalia butu. Zungushia kalamu kila penye butu. Kipande kidogo unaweza kusaga na kuweka leya upya, kikubwa kuliko kiganja tengeneza nyingine.

Mwisho bolti, na paneli nyingi nzuri zinaharibikia hapa. Toboa kwa drili kali na ubao nyuma, la sivyo leya ya mwisho inachanika pale drili inapotokea. Tundu likae mbali na ukingo angalau mara tatu ya kipenyo chake, bolti ya 6 mm basi 18 mm. Washa pana pande zote mbili, na kama unaweza weka kijibomba cha chuma ndani ya tundu ili nguvu ya kukaza ipite kwenye chuma badala ya kuiponda resini. Ukitumia kaboni kwenye bodi ya alumini, weka leya moja ya glasi katikati na bolti za chuma kisichoshika kutu, kaboni na alumini zikigusana pakiwa na unyevu alumini inaliwa kwa kasi ya ajabu.

Gari likitembea wiki moja rudi uzikague zile bolti, kwasababu resini iliyobanwa inanywea kidogokidogo na bolti inalegea bila mtu kuigusa. Kaza, chora alama ya rangi kuanzia kichwa cha bolti mpaka kwenye paneli, halafu angalia tena baada ya mwezi: alama ikiwa bado iko kwenye mstari na washa haijazama, iache. Ikiwa washa imezama, toa, weka pana zaidi na kijibomba, usiendelee kukaza tu.